Jeneza Lililokataa Kufunga na Msumeno Uliochomelewa Bolti

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KIKUNDI CHA MASEREMALA WA NYUMBANI, MUNYAKA, ELDORET. JUMAMOSI, 14 JUNI 2025, NYUMA YA NYUMBA YA MWENYEKITI, PENYE MSUMENO

Waliohudhuria:
Mzee Kipchumba – Mwenyekiti
Sadiq – Mweka Hazina
Esther Chepngetich – Katibu
Mukhwana – Mwanachama
Purity Jerop – Mwanachama

Aliyetuma udhuru: Okumu (mgongo)
Aliyekosa bila udhuru: Lenny, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Kikao kilichelewa kwa sababu Mwenyekiti alikuwa kwenye simu. Purity aliongoza maombi. Mwenyekiti alilalamika kwamba maombi hayo yalikuwa yamelenga mtu.

KUMB. NA. 2/6/2025: JENEZA LA MAMA YAKE MUKHWANA
Katibu alikumbusha kwamba ni desturi ya kikundi kumtengenezea mwanachama aliyefiwa jeneza kwa mikono yetu wenyewe. Mukhwana alieleza kwamba jeneza la mamake, lililokatwa kwa msumeno huu wa umeme wa kikundi mwezi uliopita, lilikuwa na kifuniko kilichokaa upande. Pale kaburini, mbele ya wakwe, pembe moja ilikataa kushuka, ikabidi binamu yake aikalie ndio misumari ishike. Alisema, "Mama yangu alikaliwa, watu wakiangalia."

Sadiq alisema kwao hawaziki na sanduku, lakini yeye ndiye aliyelibeba kwa lori lake, na alisikia kifuniko kikigonga kutoka Soy mpaka Kitale.

Mwenyekiti alieleza kwamba mbao zilikuwa mbichi. Purity alisema mbao hizo zilikauka nyumbani kwake mwaka mzima. Mwenyekiti alimwambia asijibizane na mtu mzima.

KUMB. NA. 3/6/2025: USAHIHI WA MSUMENO
Purity aliweka alama ya chaki kwenye jino moja la bledi, lile duara la chuma linalokata, na jino likiwa upande wa mbele akapima kutoka hapo hadi kwenye mfereji ulionyooka juu ya meza. Kisha aliizungusha bledi kwa mkono hadi jino lile lile likawa upande wa nyuma, akapima tena. Vipimo vilipishana kwa unene wa njiti ya kiberiti, yaani bledi imekaa upande. Alieleza kwamba msumeno wa bei rahisi huja hivyo mara nyingi, na dawa yake ni kulegeza bolti zinazoishika bledi chini ya meza, kuisukuma bledi mpaka vipimo viwili vilingane, ndipo reli ya kuongozea ubao ipangwe kwa kufuata mfereji.

Mwenyekiti alijibu kwamba reli aliipanga mwenyewe kwa kufuata ukingo wa meza. Purity alisema ukingo wa meza haujui bledi inaangalia wapi.

Wanachama walipoinama kulegeza bolti, walikumbuka kwamba zimechomelewa. Mwaka jana kila mtu alikuwa akizikaza apendavyo na kumlaumu aliyemtangulia, hivyo Mwenyekiti akazipeleka kwa fundi wa welding ili fitina iishe. Fitina haijaisha. Mukhwana aliomba zikatwe kwa grinda leo hii. Mwenyekiti alikataa, akasema msumeno uko sawa na hakuna mtu atakayeugusa yeye akiwa hai. Katibu aliombwa asiandike "akiwa hai". Ameandika.

KUMB. NA. 4/6/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti alitangaza kwamba kaka yake mkubwa alifariki Jumatano na atazikwa Cheptiret wiki ijayo. Wanachama walimpa pole.

Pamoja na yote yaliyosemwa, Mukhwana ndiye aliyesimama kwanza. Alivua koti, akauliza urefu wa marehemu ili kazi ianze. Mwenyekiti alimwambia asijisumbue. Alipoulizwa zaidi, alieleza kwamba familia imeshaagiza jeneza kwa fundi mwingine huko mjini. Sadiq aliuliza ni kwa nini, na msumeno uko sawa.

Mwenyekiti alisema, "Huyo ni kaka yangu."

Mukhwana alisema, "Na huyo alikuwa mama yangu." Alivaa koti lake, akaondoka bila kuaga.

KUMB. NA. 5/6/2025: KUFUNGA
Watu walitawanyika saa kumi kasoro robo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuomba.

Mwenyekiti: (amekataa kutia sahihi mpaka KUMB. NA. 4 ifutwe)

Katibu: E. Chepngetich (haitafutwa)