Mfalme wa Ziwa Kaoa Tena

Ngana, Jumanne

Kaka Lazaro,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unauma. Hapo Bondeni hamjambo? Mguu wa mama umepona? Mwambie shemeji Asifiwe ndaga fijo kwa kitabu alichonitumia. Nimekimaliza. Nimekichukia.

Kile kitabu cha kwanza marehemu mke wangu Prisca alikipenda sana. Mfalme anaishi chini ya ziwa, anampenda mwanamke wa nchi kavu, mkulima wa mpunga. Mwanamke anaumwa, anakufa. Mfalme anaapa haoi tena. Haya. Hiki cha pili, ukurasa wa kumi na tisa tu, kaoa! Kaoa mwanamke mwenye mabawa. Yule wa kwanza hata jina halitajwi. Huyo mwandishi alikuwa na njaa?

Nilikasirika mpaka nikasahau kazi. Nimeanika kakao ya bosi Lugano, mvua ikaja, mimi nimeinamia kitabu. Yote ikalowa. Lugano akaniuliza mzee mzima nasoma mapenzi ya chini ya maji ili iweje. Wenzangu sasa wananiita Bwana Mfalme. Waniite.

Shemeji kaniambia kwenye simu kwamba Jumapili mnamleta yule mama wa Matema, Damaris, na ndugu zake, tuongee ndoa. Eti miaka miwili inatosha, na hata mfalme kaoa. Nahisi ndiyo maana mlinitumia kitabu.

Kaka, wewe ndiye uliyenilea, nakuheshimu. Lakini yule mfalme mpumbavu, na mimi sio yeye. Sioi. Damaris sina ubaya naye, msimsumbue. Nyie njooni, wali nitapika. Habari ya ndoa iacheni huko huko.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Prisca alikuwa anawasomea wanawake kile cha kwanza wakati wa kupasua kakao. Siku wamefika pale mwanamke anaumwa, nikamfokea mbele ya watu, afunge hayo matakataka. Akafunga. Hakusoma tena kwa sauti. Masika yale yale akafa.

Na mimi, kaka, nilikuwa nasikiliza kila siku. Nilikuwa natafuta kazi za karibu na pale ili nisikie. Nilimfokea kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na wanaume walikuwepo.

Mwisho wa kile kitabu niliusoma mwenyewe baada ya msiba, kwa kidole, miezi mitatu. Darasa la nne langu unalijua.

Sasa wakati wa kupasua nasoma mimi. Kile cha kwanza, cha Prisca. Hiki cha pili shemeji asinune, nakiwashia moto. Nasoma kwa sauti, nakwama, wanacheka. Jana tumefika pale mwanamke anaumwa. Machozi yakaja, wanaume wapo, Lugano yupo.

Sikufunga.

Msalimie mama, umkande huo mguu. Watoto nawasalimu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Tuntufye