Tambi za Marit

Duluth, Jumatatu

Leif kaka yangu,

Mama hajambo kule kwenye nyumba ya wazee, anawasuta wapishi. Mimi naondoa vitu nyumbani kwake, nakohoa vumbi la magazeti yake. Kontena la taka limejaa mara tatu. Hata vyakula vya kwenye friza nilivimwaga humo bila kusoma lebo.

Jana aliniambia, "Tupa vyote, mwanangu, ila tambi za Marit usiziguse."

Miaka tisa tangu tumzike dada yetu, kumbe Mama alikuwa amegandisha bakuli lake la mwisho! Lori la taka lilishaondoka nazo. Nikamjibu, "Zipo, Mama." Anataka kuziona Jumapili.

Kupika nitapika. Lakini lebo aliiandika Marit, na Mama anaikumbuka neno kwa neno: "Mama, pasha moto, ule."

Wewe ulikuwa ukiiga mwandiko wake shuleni. Niandikie lebo hiyo, Leif. Itume leo.

Dada yako,
Solveig