Yai Moja kwa Wanaume Wawili

Bwera, Kasese
3 Oktoba 2015

Mpendwa Dada Bushira,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta huko Muheza ukiwa mzima, goti lako limetulia na shemeji ameacha kukohoa. Kuhusu goti nijibu ukweli safari hii, si kama mara iliyopita uliposema limepona kumbe unatembea na fimbo. Sisi huku hatujambo. Mvua haikauki milimani na barabara ya Nyakiyumbu imegeuka uji.

Kifurushi cha maganda ya machungwa kilifika. Dereva alikisafirisha pamoja na sabuni, basi nikayaanika upya mpaka harufu ya sabuni ikatoka. Hapa Bwera hakuna mwingine anayesaga maganda pamoja na bizari za pilau kama mama alivyotufundisha, na mimi sijamwambia mtu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mwenyewe, mume wangu, yuko hapa sebuleni anasikia kila neno. Mwezi wa nane nilikuwa tayari kufunga mizigo nihamie kwa shangazi Nakato. Kaa kwanza, nikueleze.

Unamjua Magidu. Siku ya harusi yetu ulisema mwenyewe kwamba nimeolewa na lori, si na mwenye malori. Miaka ishirini na miwili nimempikia mtu huyo, na sahani haikuwahi kurudi jikoni na punje. Tumbo lake lilikuwa likitangulia mlangoni, yeye anafuata. Mimi nililiona kuwa ni kazi ya mikono yangu, na watu walinisifu kwalo.

Februari alikwenda Nairobi kutafuta vipuri. Akarudi na vidonda vidogo tumboni, akasema ngiri ilimbana ghafla huko wakampasua. Nikamwonea huruma, nikampikia supu na uji, nikangoja apone. Vidonda vikapona, lakini hamu ya kula haikurudi. Nikipakua, anachukua matonge matatu ya kumlisha mtoto mchanga, anayatafuna mpaka mimi nachoka taya, kisha anasema Alhamdulillahi, nimeshiba. Dada, siku ya kwanza nilikwenda kuchungulia ndani ya sufuria nione kama kuna kitu kimeingia.

Akaanza kukonda. Kanzu ikawa inamtembelea mwilini. Sokoni wanawake wakawa wananishika mkono bila kusema neno, utadhani tuko matangani. Kuna waliosema biashara imekufa, na kuna waliosema ni ugonjwa, tena wakautaja. Ramadhani ndiyo ilimfichia siri. Futari yake ilikuwa tende moja na maji, na imamu akamtaja msikitini kuwa mfano wa mtu aliyeishinda nafsi yake. Magidu akainamisha kichwa. Mimi nilidhani ni unyenyekevu.

Sasa jirani yangu Vasta, ambaye habari hailali kwake, akaja asubuhi moja na sura ya huruma.

"Mama Swalik," akasema, "bwana yako kila Alhamisi iko naenda Kasese. Anaingia ku geti moja ya bulu nyuma ya stendi, anakawia mule. Mimi sisemi kitu. Lakini mutu hakule kwako, anakula wapi?"

Swali hilo lilinimaliza. Mwanamume asiyekula kwake anapikiwa kwingine, hilo hata mtoto analijua. Kilichonishinda ni kuelewa kwa nini basi anakonda. Nikajijibu kwamba huyo mwanamke hajui kupika, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kuletewa mke mwenza ni jambo moja. Kuachwa kwa ajili ya mtu anayeunguza wali ni jambo jingine kabisa.

Alhamisi iliyofuata sikulia. Niliamka nikapika pilau kwa maganda yako, nikaijaza kwenye hotipoti kubwa, nikavaa gauni la Idd, nikapaka wanja, nikachukua mwavuli, nikapanda gari la kwenda Kasese mjini. Pilau ilikuwa ya yule mwanamke na mwavuli ulikuwa wa yule mwanamke. Nilitaka aonje kwanza, ajue chakula ni nini, ndipo nimpige.

Geti la bluu halikufungwa. Ndani kulikuwa na ua uliojaa magunia ya kahawa, na kibarazani wameketi watu wawili. Mmoja alikuwa mume wangu. Wa pili alikuwa Aloysius, mnunuzi wa kahawa kutoka Mahango, mtu mnene ambaye kiti kilikuwa kinamlalamikia. Katikati yao palikuwa na sahani moja, na juu ya sahani yai moja la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo. Kila mmoja ameshika kijiko cha chai. Walikuwa wanatafuna kimya, macho wameyafumba.

Nilipita vyumba vyote nikimtafuta mwanamke. Nilichungulia hata stoo. Niliporudi kibarazani na mwavuli wangu, Magidu aliinua kidole kimoja, akasema kwa taabu, "Mastula, ngoja nimeze."

Dada, nikangoja. Nilisimama pale na wanja wangu nikingoja mume wangu ameze kipande cha yai, na halikuwa jambo la haraka.

Aliyenieleza ni Aloysius, maana yeye alikuwa amemaliza kumeza. "Nyabo, mama, tulienda Nairobi wote wawili," akasema. "Daktari alitufungia mupira ku tumbo, huku juu. Kama vile unafunga mudomo ya gunia, unabakisha ka tundu kadogo. Chakula inapita polepole, na ile kidogo inakushibisha." Akafunua shati bila haya, akanionyesha kidude chini ya ngozi, ukubwa wa kifungo cha koti. Hapo ndipo daktari anapochoma sindano na kutia maji ili mpira ubane zaidi. Kumbe hakukuwa na ngiri, na zile safari za Kampala alizoniaga kuwa anakwenda "kukata bima ya magari" zilikuwa za kwenda kukazwa mpira.

Aloysius naye ana yake. Kwenye matanga ya ukweni Kyarumba alipewa bundu, ule ugali wao wa muhogo, akaona aibu kukataa. Tonge la pili likakwama. Akakimbilia kwenye mibuni mate yakimtoka, na mama mkwe akamfuata mbio na kibuyu cha maziwa, akipiga kelele kuwa mkwe wake amelishwa sumu kwenye boma lake. Matanga yalisimama mpaka alipotapika. Tena amegundua kuwa soda na asali vinapita kwenye mpira bila kubisha hodi, kwa hiyo anakunywa kutwa, na hajapungua hata tundu moja la mkanda. Magidu humgombeza kila Alhamisi. Ndiyo maana wanakutana, ili wale polepole pasipo mtu wa kuwakodolea macho.

Mimi sikucheka siku ile. Nilimuuliza Magidu kama ulimwengu mzima ulikosa kitu cha kufunga mpaka akafunge mlango wa chakula changu. Nilimwambia bora angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningempiga.

Akakiweka chini kijiko. Kisha akasema, "Ningekuambia aje? Wewe ukiona sahani imerudi na kitu, unalia. Lakini Muhamood alilala, asubuyi hakuamuka. Bibi yake ndiye alimukuta. Na mimi usiku ile pumuzi yangu inakatika, wewe unanipiga kiwiko nashituka. Mastula, sikutaka siku moja unipige kiwiko na mimi nisishituke."

Muhamood ni yule kaka yake, unamkumbuka, wa umbo lile lile. Nililia pale kati ya magunia ya kahawa mpaka wanja ukafika kidevuni, na Aloysius akaniletea soda.

Tulirudi Bwera pamoja na hotipoti yetu haijafunguliwa, maana pilau nayo ilikuwa ikimkwama siku hizo. Sikufungasha mizigo. Lakini nitakuambia kweli, nilikaa wiki kadhaa nikiwa na huzuni ya ajabu. Mume nilikuwa naye, mzima, anapumua vizuri, na bado nilijiuliza mimi ni nani katika nyumba hii ikiwa hakuna wa kumpikia. Nilipika kwa kisufuria cha kuchemshia maziwa na nilikichukia.

Idd ya kuchinja ikaja wiki iliyopita. Nikapika pilau ya wageni, na ya Magidu nikailainisha kwa supu, nikampa katika kibakuli chake. Akatia kijiko kinywani, akaanza kutafuna kama anavyotafuna siku hizi. Kisha akaacha kutafuna. Nikadhani imekwama, nikakimbilia beseni.

"Hapana," akasema. "Mastula, hii pilau iko na chungwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Tangu lini?"

Tangu ulipoolewa nami, nikamjibu, na wageni wote wakacheka kwa jinsi nilivyokosea kusema. Yeye hakucheka. Aliangalia kile kibakuli muda mrefu, akasema, "Kumbe mimi nilikuwa nameza tu." Nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikalia, na safari hii nililia vizuri.

Shangazi Nakato anakusalimu, na Swalik anasema anakuja Desemba kula machungwa yenu. Nisalimie shemeji na watoto wote. Mwenyezi Mungu awape afya na riziki, alitie nguvu goti lako, na atukutanishe tukiwa bado na meno.

Maganda yanakaribia kwisha. Usitume mengi, siku hizi napika kidogo. Ila chagua mazuri, maana sasa kuna mtu anayaonja.

Mdogo wako akupendaye,
Mastula