Maji Ambayo Sikuyaomba Iskandaria

Laurel, Maryland
12 Novemba 2006

Dada yangu mpenzi Mwanamwema,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepata nafuu, na Maryam mwanetu hajambo. Mimi sijambo kwa mwili, ila baridi ya huku imeshaanza visa vyake.

Uliniambia nikirudi kutoka Misri nikueleze vizuri, maana kwenye simu nilikuwa nameza maneno. Haya basi. Iskandaria ni mji mrefu mwembamba, umebanwa baina ya bahari na ziwa la Mariut. Barabara ya ufukweni inaifuata ghuba yote. Huku iko ngome ya Qaitbay, pale uliposimama mnara wa taa wa kale; kule mwisho kabisa, bustani za Montaza. Katikati kuna maktaba mpya ya duara, imeinamia bahari. Kiangazi upepo unapoza joto, na mvua hunyesha majira ya baridi, mawimbi yakarukia barabarani. Na tramu zao, dada, zinajikokota kweli!

Alinipokea Fahmi, binamu yake Zuhair. Mashaallah, nilikirimiwa! Unakumbuka Zuhair alipotoka Herndon kuja kwangu na posa ya Maryam, alisema mama yake yuko Iskandaria na atanisubiri. Nikamwuliza Fahmi tutakwenda lini kwa mama. Akasema kesho, kwanza nione ngome. Kesho yake ikawa maktaba. Kisha mama anaumwa kichwa. Nami huku Marekani kazi yangu ni kubeba mizigo uwanja wa ndege, hakuna anayenitazama usoni. Kule naitwa sheikh, nafunguliwa mlango wa gari. Nikaona haya kumbana mwenyeji wangu, mpaka siku ya kurudi ikafika.

Unaona ninavyokuzungusha? Nimekupa ghuba, nimekupa mvua, hata tramu. Wewe uliniagiza jambo moja tu, lile alilolifanya marehemu mama ulipoposwa wewe: niingie nyumbani kwa wakwe, niombe maji ya kunywa, nitazame nani anayaleta na anayaleta kwa uso gani.

Sikuyaomba, dada. Nyumba sikuingia, hata mtaa wake siujui. Niliposema kwenye simu kwamba nimefika na watu ni waungwana, nilikudanganya, na kwa neno langu mmeshapanga harusi. Juzi nimempigia Zuhair, nikamwuliza kinagaubaga mama yake anakaa wapi. Akasema yuko kazini, atanipigia. Mpaka leo kimya. Huenda hakuna baya lolote, lakini mimi sijui, nami nilisema najua. Aibu imenivaa.

Barua nampa Violet wa kazini, anakuja Tanga Jumanne. Simu naiogopa, nikisikia sauti yako nitadanganya tena. Nisalimie shemeji na majirani wote. Zawadi ya Maryam ninayo, ila sina uso wa kuituma. Msomee yote haya, usimfiche. Asiolewe mpaka mtu mwingine, si mimi, akayanywe yale maji.

Nduguyo uliyemtuma,
Shamte