Ndevu za Kambale Wako Zinaota

Yaya wangu Albertina,

Kambale wako wazima. Nakuambia hilo kwanza maana nakujua: ungeuliza habari zao kabla ya kuuliza zangu, na mimi ni mudogo wako wa tumbo moja!

Lakini kidogo tu watuponyoke. Siku za matanga, mama wakubwa kutoka Kabuta walisafisha nyumba yote, kama desturi inavyotaka. Wakafika kwenye kile kisanduku cha kioo wanamokaa kambale, alichokuachia muzungu wa duka alipohama. Wakakisugua kwa majivu, sawa na sufuria. Ule muchanga wako laini wa ziwani wakaumwaga, wakatandika kokoto za barabarani, nyeupe, nzuri kwa macho. Walifanya kwa mapendo, Yaya. Hakuna aliyejua.

Baadaye ngozi za kambale zikafanya ukungu mweupe, na ndevu zikaanza kupunguka. Mujomba akachungulia, akashika kichwa: "Mayo wee! Samaki wananyoa! Wanamulilia mwenyewe!" Sisi wote tulikuwa tumenyolewa nywele kwa ajili yako, basi nyumba nzima ikaamini. Akasema kilio cha samaki kitaita kifo kingine, heri wafukiwe shimoni nyuma ya jiko, kesho yake asubuhi. Roho iliniuma sana. Wewe umeenda, na sasa hao pia?

Nikakaa mbele ya kioo vile ulivyokuwa unakaa wewe, mudomo umefungwa, shingo imeinama. Watu walikuwa wanakutania, "Dokta wa kambale!", nawe hugeuki hata kidogo. Ah, Yaya, nilijivuna kuwa na dada kama wewe! Ulimuangalia samaki kama mama anavyomuangalia mutoto mwenye homa. Nikanusa maji kwanza. Hayakuwa yameoza, yalinuka majivu. Nikatazama ncha za ndevu. Zingekuwa na nyuzi nyeupe kama pamba, ningesema ni ugonjwa. Lakini zilikuwa butu, nyekundu, zimelika. Nikakusikia kabisa: "Ndevu zikiisha, usimuulize samaki. Uliza mahali anapolala." Nikaingiza mukono, nikapapasa zile kokoto. Zilinikwaruza vidole.

Nikamuita mujomba, nikamushikisha moja. Akaigeuzageuza. Halafu yeye, yule mubishi unayemujua, akachukua beseni akashuka ziwani mwenyewe kuleta muchanga laini.

Maji tuliyabadilisha kidogo kidogo, tusiwashitue. Ukungu ukatoka. Na leo yule mukubwa wao, uliyemuita Shemeji kwa ulafi wake, ndevu zake zinaota! Fupi, nyembamba, anazikokota kwenye muchanga akitafuta chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia mpaka nikachoka.

Nywele zangu pia zinaota, Yaya. Nilikuwa nataka kuzinyoa tena, niliona zikirudi ni kama nakusahau. Nimemutazama Shemeji, nimeuweka wembe chini.

Lala vizuri, dada yangu. Kokoto haitaingia tena mule ndani, hata ikiletwa kwa mapendo. Na kila asubuhi nitanusa maji yao kabla sijanywa chai yangu.

Mudogo wako,
Selina