Ndege Uliyoichagua Kwenda kwa Chacha

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, kwenye kochi lako lile lile. Mama yuko nje anagombana na kuku. Mvua zimeanza Nyamwaga, na migomba ya nyuma ya zizi imebeba mikungu mizito hata tumeiwekea miti ya kuegemea. Hayo ni ya kukusabahi. Nililokusudia hasa ni ile safari yetu, kwa sababu watu bado wananiuliza habari zake na kila mmoja anaisimulia kivyake.

Mlituzaa wawili tu, Chacha na mimi. Chacha alifia Kanada kwenye ajali ya barabarani, na wenzake wa kanisani wakamzika huko huko, maana hatukuwa na namna ya kumrudisha. Wazee wa ukoo walipokuja kushauri tuchimbe kaburi tupu hapa nyumbani ili matanga yaishe, uliwasikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Siwezi kuzika upepo." Tangu siku hiyo hukulitaja jina lake. Mama akilitaja, ulikuwa unainuka na kwenda kwa ng'ombe.

Halafu kiharusi kikakuchukua miguu, na huko kwa ng'ombe nako hukuweza kwenda tena.

Likizo ile nilikuja kukuuguza na kompyuta yangu, yenye ule mchezo wa urubani ninaoutumia kuwaonyesha wanafunzi wangu wa jiografia milima na majangwa. Nilidhani umesinzia. Nikarusha ndege ndogo kando ya ziwa.

"Hiyo si Musoma?" sauti yako ikatoka nyuma yangu.

"Ndiyo, tata. Lakini ni mchezo tu."

"Mchezo unaoijua Musoma. Unafika kule?"

Sikukuuliza kule ni wapi.

Ukatoa masharti yako. Ndege iondokee Nairobi, tulikomsindikiza, lakini kwanza ipite juu ya Nyamwaga, kwa sababu mtu hafungi safari ya namna ile bila kupita nyumbani. Na mwendo usiharakishwe. Nilikuambia mchezo unaweza kuyafupisha masaa, ukanitazama kama mtu aliyependekeza kukatiza ibada. "Yeye alikaa humo siku nzima. Na sisi tukae."

Mara ya kwanza nilichagua mimi. Nilichukua ndege niliyoipenda, nyepesi mkononi, nzuri kuitazama, na sikupima sawasawa ule mzunguko wa kupita nyumbani wala upepo wa mbele. Tuliikalia tangu asubuhi. Mafuta yakaisha juu ya bahari, pwani ya Kanada ikiwa bado haijaonekana. Ningeweza kubonyeza kitufe yakajaa upya, lakini macho yako yalikuwa yameshaona mshale ukilala kwenye sifuri. Uligeukia ukutani. Ugali wa jioni hukuugusa, na mama akaniita jikoni.

"Umempeleka wapi mzee wangu?" akaniuliza.

Nilitaka kuificha kompyuta kabisa. Asubuhi ukaniita wewe mwenyewe. "Leta. Ziweke zote nizione."

Nikakupangia ndege za safari ndefu, moja baada ya nyingine, nawe ukazikagua kama unavyokagua ng'ombe mnadani. "Igeuze. Nionyeshe tumbo." Ulivutiwa na moja ya zamani yenye injini nne. Nikakuambia inakunywa mafuta sana, naihofia. Nikakuonyesha nyingine, ndefu, yenye injini mbili kubwa, ambayo kwa hesabu zangu ingefika na akiba ikabaki. Ukakunja uso.

"Mbili tu, juu ya maji yote yale?"

"Zinatosha, tata."

"Moja ikizima, inayobaki hufika?"

"Hufika. Imeundwa hivyo."

Ulinitazama kwa muda mrefu, tata. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote. Kisha ukasema, "Basi chagua hiyo."

Tuliondoka Nairobi kulipopambazuka, nikaigeuza pua magharibi kuja huku. Vilima vyetu vilipotokea uliinua kichwa kwenye mto. Ulikuwa unatafuta bati la nyumba yako.

"Hatumo."

"Hawakutuchora, tata."

"Haidhuru. Yeye anapajua." Ukaashiria kwa kidole niendelee.

Mzee Mwita, jirani yetu, alikuja kuazima jembe la kukokotwa. Alisimama mlangoni, akauliza kulikoni mbona tumekaa kimya hivi. Mama ndiye aliyemjibu. "Tunakwenda kwa Chacha." Nilitarajia acheke. Alivua kofia, akavuta kigoda, akaketi. Baada yake wakaja wengine. Kina mama walileta uji na magimbi, wanaume wakakaa kando ya ukuta. Tulipokuwa juu ya jangwa, kule ambako masaa yanapita na mchanga haubadiliki, mtu alianzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini na wengine wakaitikia. Sebule ikawa ya matanga. Yale matanga uliyowanyima wazee yalikuja yenyewe, na wewe hukuyafukuza.

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya bahari. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imechoka, ikaanza kushuka. Ulinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wako mzima. Mzee Mwita hakungoja kuambiwa. Alitoka, akarudi amebeba betri yake ya sola mgongoni na kibadilisha umeme kwapani, akihema. Nyumba yake ililala gizani siku hiyo.

Kwetu usiku ulikuwa umeshaingia, lakini kule jua lilikuwa bado juu. Nikaishusha ndege taratibu mpaka tukauona ule mji mdogo kando ya ziwa, na pembeni yake kipande cha majani mabichi. Nilikijua kutoka kwenye ramani waliyotutumia rafiki zake Chacha waliomzika pale.

"Ni hapo, tata."

"Nisimamisheni."

Wanaume wawili walikushika makwapani. Uliinama kuelekea kwenye kioo.

"Chacha," ukasema. "Chacha, ni baba yako. Nimechelewa. Ni miguu."

Kisha ukalia. Mama alilia nyuma yako, na nyumba nzima ikalia. Nilizunguka juu ya yale majani mara nyingi kadiri mafuta yalivyoniruhusu. Nilipokwenda kutua, machozi yalikuwa yamenijaa, ndege ikagonga chini, ikaruka, ikagonga tena. Hakuna aliyecheka. Mzee Mwita alisema tu, "Tumefika."

Kuanzia kesho yake ulianza kumzungumzia. Ulitusimulia alivyokuwa mtundu, alivyokataa kuchunga, alivyokudanganya anaumwa kumbe yuko mtoni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ulipotutoka nawe, kabla ya mavuno, jina lake lilikuwa mdomoni mwako.

Wenzangu shuleni huniambia tulidanganywa na picha. Sibishani nao. Najua kaburi liko kule na mimi sijawahi kulikanyaga. Lakini niliona kilichotoka ndani yako siku ile, na hicho hakikuwa picha. Siku hizi najikuta namkumbuka Chacha bila kuogopa kukuumiza. Kukukumbuka wewe ndiyo bado sijazoea. Huwa nafika mlangoni nikiwa tayari kusalimia.

Sasa nikuambie la wiki hii. Mama amekuja akaketi karibu nami, akaishika kompyuta kama anavyoshika mtoto mgeni.

"Baba yako alikwenda," akasema. "Mimi nataka Chacha arudi."

Nikamwambia safari ya huku ndiyo nzito, kwamba ndege kubwa haina pa kutua Nyamwaga, kuna migomba na malisho tu.

"Ishushe polepole," akasema. "Watoto watawaondoa ng'ombe."

Tata, nimeichagua ile ile ya injini mbili. Nimejaza matenki yote. Tunaondoka kesho asubuhi, na Mzee Mwita ameshaleta betri. Mama ameamka leo akafagia uwanja wote, mpaka kule barabarani, na sasa anatandika kitanda.

Pumzika, mzee wangu. Huyu tutampokea sisi.

Ni mimi binti yako,
Bhoke