Draiva ya Eliseu

Jacira, nimetoka klabu ya kompyuta za Linux na hasira zangu.

Dona Dalva kaleta kompyuta yake, waifai haishiki. Anataka amwone kwa video mjukuu wake akibatizwa Lisbon, ibada leo saa tisa. Draiva, programu ya kuiwasha hiyo waifai, ipo, ni kuiweka tu. Eliseu, fundi wa klabu, kakataa.

Ati draiva ya kampuni, si programu huria iliyo wazi kwa wote. Anafyonza chai yake ya chimarrão, anasema, "Mama, tunalinda uhuru wako."

Uhuru wake, Jacira. Bibi akamuuliza, "Uhuru gani huo, mwanangu, wa kuninyima mjukuu?"

Nikageuza kompyuta ya Eliseu. Waifai inapeta. Draiva ileile. Ileile.

Unajua kanijibu nini? "Hii ni ya kazini."

Nikainakili kwa flashi kutoka kompyuta yake humohumo, nikamwekea bibi. Tulipompata mtoto kwenye skrini, keshabatizwa, keshafutwa maji kichwani.